KIUNGANISHI CHA MAFUTA NA MAJI: TUSIHARAKIE KUSEMA HARAMU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Himidi zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu wa Kiislamu, leo naandika kwa urefu kidogo. Naomba msome mpaka mwisho, hasa nyinyi akina mama na mabinti mnaotengeneza losheni na krimu nyumbani kwa ajili ya kuuza. Nawaomba pia maimamu wenzangu wasome, kwa sababu kosa nitakalolieleza ni la imamu, na imamu mwenyewe ni mimi.

KISA CHENYEWE

Huku kwetu Unyambwa, Manispaa ya Singida, msimu wa upepo ukifika ngozi inapauka, midomo inapasuka na miguu inaota magaga. Kwa hiyo mafuta ya kupaka ni hitaji la kila nyumba. Miaka miwili iliyopita kikundi cha akina mama wa darsa letu kilianza kutengeneza losheni kwa mafuta ya alizeti. Walichukua mkopo wa vikoba, wakanunua malighafi mjini, wakatengeneza chupa 40.

Kabla ya kuuza wakaniletea. Nia yao ilikuwa njema, walitaka kujua hukumu. Mama mmoja akanipa karatasi ya vile vitu walivyonunua. Nikasoma, nikaona neno la kigeni lililoishia na "alkoholi". Sikuuliza swali hata moja. Nikasema, "Mama, hii ni pombe. Haifai." Akaniambia, "Ustadhi, yule muuzaji alisema hii ndiyo inayoshikisha mafuta na maji." Nikajibu kwamba muuzaji si mwanachuoni. Ijumaa iliyofuata nikalitaja jambo hilo juu ya mimbari.

Wale mama walimwaga chupa zote 40. Mkopo ukabaki pale pale.

Baada ya hapo wakatafuta njia nyingine. Wakachanganya mafuta ya alizeti, maji na utomvu wa mshubiri, bila kiunganishi na bila dawa yoyote ya kuhifadhi. Wakaandika "Asilia asilimia 100, haina kemikali". Mafuta yalielea juu na maji yakakaa chini, kwa hiyo mteja akaambiwa atikise kabla ya kupaka. Watu wakanunua, kwa sababu imamu alishaziba ile njia ya kwanza.

Haukupita muda, mama mmoja akaja kwangu na mtoto mgongoni. Mtoto ana vipele vya usaha shingoni na kwenye mikunjo ya mapaja. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Ustadhi, ulisema tuache kile, tukaacha. Sasa na hiki je?"

Sikuwa na jibu. Mtoto alitibiwa na alhamdulillah akapona. Mganga wa zahanati alimwambia mama yake kwamba mchanganyiko wenye maji ukikaa siku nyingi bila kihifadhi huota vijidudu, na kuupaka kwenye ngozi ya mtoto iliyochubuka ni hatari. Nikarudi nyumbani nikajiuliza: kati ya losheni ile niliyoikataza na hii niliyosababisha, ipi iliyokuwa na madhara?

NIKAENDA KUULIZA

Mimi ni mtu wa madrasa na kidato cha nne. Kemia yangu ni ile ya shule, na mingi nimeisahau. Lakini katika Suratun Nahl, aya ya 43, Allah ametuelekeza tuwaulize wenye ujuzi ikiwa hatujui. Nilikuwa nimeifundisha aya hiyo miaka mingi, nikaona leo ni zamu yangu kuitumia. Nikamfuata mwalimu wa kemia wa sekondari, kijana wa umri wa mwanangu, nikakaa mbele yake kama mwanafunzi.

Alinieleza hivi. Mafuta na maji hayachanganyiki. Ukiyapiga sana yanachanganyika kwa dakika chache, kisha kila kimoja kinarudi kwake. Ili yakae pamoja panahitajika kitu cha tatu, ambacho upande wake mmoja unashika maji na upande mwingine unashika mafuta. Kitu hicho kinazunguka kila tone dogo la mafuta na kulizuia lisiungane na jenzake. Wataalamu wanakiita emulsifaya. Mimi nitakiita kiunganishi.

Akaniuliza, "Shehe, maziwa ya ng'ombe yana mafuta?" Nikasema ndiyo. "Na yana maji?" Ndiyo. "Mbona hayajitengi kama mafuta ya alizeti ndani ya maji?" Nikanyamaza. Akasema ndani ya maziwa mna protini inayoyashika mafuta na maji pamoja. Ndiyo maana bibi zetu walikaa na kibuyu wakiyasukasuka maziwa kwa muda mrefu. Walikuwa wanaupasua ule muungano ili mafuta yajikusanye, wapate siagi na samli ya kula na ya kujipaka.

Subhanallah! Katika sura hiyo hiyo ya An-Nahl, aya ya 66, Allah anatuambia tuzingatie katika wanyama, jinsi anavyotunywesha maziwa safi yanayotoka baina ya kinyesi na damu. Nimeisoma aya hiyo tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri kwamba kikombe changu cha asubuhi kina kiunganishi alichokiweka Mola mwenyewe. Kiini cha yai nacho kina kiunganishi, kinaitwa lesithini, na lesithini hupatikana pia kwenye soya.

Basi kuunganisha mafuta na maji, kwa asili yake, si jambo la haramu. Swali la sharia linabaki: umeunganisha kwa kitu gani, kimetoka wapi, kina madhara gani, na umemwambia mteja ukweli?

JINA "ALKOHOLI"

Kile nilichokiita pombe kilikuwa setili alkoholi. Ni vipande vyeupe mithili ya nta. Havinyweki kama pombe wala havileweshi. Wanakemia wanatumia neno "alkoholi" kwa familia kubwa ya vitu, na kileo ni kimoja tu katika familia hiyo. Zamani setili alkoholi ilipatikana kwenye mafuta ya nyangumi. Siku hizi nyingi inatokana na mawese na nazi. Ikitoka kwenye mawese au nazi, ni tohara. Na hata ile ya nyangumi, mnyama wa baharini kwetu si najisi.

Illa ya pombe ni kulevya. Kitu kisicholevya hakiwi pombe kwa sababu ya kufanana jina. Mimi nilitoa hukumu kwa herufi za karatasini, na mama wa watu wakamwaga mtaji wao. Astaghfirullah.

PALIPO NA SWALI LA KWELI

Msidhani, ndugu zangu, kwamba nasema kila kiunganishi ni sawa. Lipo swali la kweli, nalo ni ASILI YA MAFUTA.

Viunganishi vingi hutengenezwa kutokana na asidi za mafuta. Asidi ya stiariki, gliserili stiarati, polisobeti na gliserini zinaweza kutoka kwenye mawese au kwenye mafuta ya wanyama. Ukiitazama kwa macho, ya mawese na ya mnyama hazina tofauti. Mnyama huyo anaweza kuwa ng'ombe aliyechinjwa kihalali, anaweza kuwa mzoga, anaweza hata kuwa nguruwe.

Na hapa tuna hadithi ya Jabir (R.A), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W), mwaka wa kufunguliwa Makka, alibainisha uharamu wa kuuza pombe, mzoga, nguruwe na masanamu. Maswahaba wakamuuliza kuhusu mafuta ya mzoga, maana watu walikuwa wanapakia majahazi, wanalainishia ngozi na kuwashia taa. Akajibu kwamba hapana, ni haramu. Wanavyuoni wakatofautiana: je, makatazo yanarudi kwenye kuuza au kwenye kutumia? Imamu Nawawi ameeleza kwamba kwa Mashafii inafaa kuyatumia katika jahazi na taa, maadamu hayaliwi wala hayapakwi kwenye mwili wa mwanadamu. Zingatieni hapo: mwili wa mwanadamu ameutenga. Na losheni ni ya wapi kama si mwilini?

Wapo waliosema kwamba najisi ikigeuka kabisa ikawa kitu kingine, hutoharika. Hiyo wanaiita istihala. Mahanafi wameipanua, na wapo wanavyuoni wa zama hizi waliokubaliana nao katika sabuni na vipodozi. Sisi Mashafii tumebana, tumeitaja katika mambo machache kama pombe iliyogeuka siki yenyewe. Simtukani anayefuata kauli ile. Lakini kwa nini uingie kwenye hitilafu wakati cha mimea kipo sokoni?

Na usipojua asili yake je? Kanuni yetu ni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na asili ya vitu ni tohara. Mtumiaji aliyenunua losheni dukani halazimiki kuhesabu sala zake kuwa zimebatilika kwa sababu ya dhana. Asijitese kwa wasiwasi. Lakini wewe mtengenezaji uko kwenye nafasi nyingine. Wewe unaweza kumuuliza aliyekuuzia, unaweza kudai karatasi ya bidhaa inayoonyesha imetokana na mimea. Anayeweza kujua akaacha makusudi hafanani na asiyeweza kujua. Chupa zako 40 zinaingia nyumba 40, na ndani ya nyumba hizo wamo wanaosali mara tano kwa siku.

UDHU

Naulizwa sana: "Ustadhi, nikipaka losheni udhu unasihi?"

Fuqahaa wamefafanua tangu zamani. Kitu chenye mwili, kama nta au unga uliokandwa, kikikaa juu ya kiungo kikazuia maji kufika kwenye ngozi, udhu hausihi mpaka kiondolewe. Lakini athari ya mafuta ya maji, ambapo maji yanafika kwenye ngozi na kutiririka ingawa hayatulii, hiyo haidhuru. Basi losheni nyepesi iliyokwisha kuingia kwenye ngozi haina tatizo. Mafuta mazito yenye nta nyingi, yaliyoganda juu ya kisigino kama utando, yafute kwanza kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, kisha utawadhe. Hili halihitaji ugomvi.

MADHARA

Kanuni ya Uislamu ni kutodhuru wala kudhuriana. Na hapa ndipo wengi wa "asilia" wanapoteleza.

Mwalimu aliniambia neno nikaliandika: palipo na maji pana uhai. Ukitia maji, au utomvu wa mshubiri, au maji ya mchele, au maziwa, ndani ya krimu, umewaandalia bakteria na kuvu chakula na makazi. Kiunganishi hakiwazuii, kazi yake ni kushikisha tu. Anayewazuia ni kihifadhi. Kwa hiyo losheni yenye maji inahitaji vyote viwili. Na usisubiri harufu au madoa meusi, kwani vijidudu vinaweza kujaa na losheni ikaonekana nzuri tu.

Wengine wanatumia nta ya nyuki na boraksi kushikisha maji. Ni njia ya zamani na inashika kweli, kwa sababu boraksi inageuza sehemu ya nta kuwa kama sabuni. Lakini boraksi si kitu cha kumpaka mtoto mchanga wala mwenye vidonda. Na nta peke yake, bila kiunganishi kingine, haishiki maji ikatulia.

Wakati tunagombana juu ya kiunganishi, kuna sumu za kweli zinazopita majumbani mwetu: krimu za kujichubua zenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Hizi zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Zebaki inaharibu figo. Steroidi inaifanya ngozi kuwa nyembamba. Dada yangu, rangi aliyokupa Allah haina kosa. Na ewe uliyefundishwa na rafiki kuchanganya tyubu ya dawa ya hospitali ndani ya losheni ili "ing'arishe", unadhuru watu, na pesa unayopata hapo haina baraka.

Sasa tazameni upande wa pili. Pale KCMC, Moshi, inatengenezwa krimu iitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kuwakinga na jua linalowaletea saratani ya ngozi. Inatengenezwa hapa hapa Tanzania, na wataalamu. Krimu ya namna hiyo ni mafuta na maji yaliyounganishwa, na ikiwekwa mikononi mwa mtoto wa Kitanzania inamwokolea ngozi yake. Ningesimama mimbarini nikasema kila krimu yenye kiunganishi ni haramu, ningekuwa nimemwambia mtoto yule nini? (Tahadhari: krimu ya kuzuia jua msiitengeneze jikoni. Hiyo inapimwa maabara.)

UDANGANYIFU

Mtume (S.A.W) alipita sokoni akakuta lundo la chakula. Akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba anayeghushi si katika sisi. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim.

Yule mtu hakutia sumu. Alificha maji tu! Basi wewe unayeandika "asilimia 100 mafuta ya alizeti" na nusu ya chupa ni maji, jipime. Unayeandika "haina kemikali" na umetia gliserini na kihifadhi, jipime. Maji yenyewe ni kemikali. Andika ukweli: vilivyomo, tarehe ya kutengenezwa, na mwisho wa kutumika. Anayekununulia kwa ukweli atarudi.

NINI TUFANYE

1. Kama hujafundishwa, anza na mafuta mazito yasiyo na maji kabisa. Singida Allah ametupa alizeti na nyuki. Chukua mafuta ya alizeti gramu 250 na nta safi gramu 50. Weka kwenye bakuli kavu, bakuli liwe ndani ya sufuria ya maji ya moto, nta iyeyuke polepole, kisha mimina kwenye makopo makavu. Hapa huhitaji kiunganishi, kwa sababu hakuna maji ya kuunganisha. Mwiko ukavu, mikono mikavu. Ukiona ni magumu sana, punguza nta.

2. Ukitaka losheni yenye maji, jifunze kwanza kwa mwenye ujuzi. Tumia kiunganishi cha mimea kwa kipimo cha aliyekitengeneza, na pima kwa mizani, usikadirie kwa kijiko. Sehemu ya mafuta na sehemu ya maji hupashwa zote mpaka nyuzi joto 70 hivi ndipo zichanganywe, na vihifadhi vingi hutiwa mchanganyiko ukishapoa. Maji yawe yaliyochemshwa au kuchujwa vizuri.

3. Muulize muuzaji: "Hii ni ya mimea au ya mnyama?" Asipojua, nenda kwa mwingine.

4. Ukitaka kuuza, nenda SIDO upate mafunzo na maelekezo, kisha TBS. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS. Kutii utaratibu unaolinda afya za watu ni sehemu ya amana.

5. Losheni ya kutengeneza nyumbani usimpake mtoto mchanga, wala kwenye kidonda. Mtu akipata vipele, aache na aende zahanati.

KWENU MAIMAMU WENZANGU

Nimetaja Suratun Nahl mara kadhaa. Ni sura ya nyuki, na aya za 68 na 69 zinamtaja nyuki na kinywaji chenye tiba kwa watu. Nta tunayotumia ni ya mdudu huyo. Lakini sura hiyo hiyo, karibu na mwisho wake, aya ya 116, inatukataza kusema kwa ndimi zetu hiki halali na hiki haramu tukamzulia Allah uongo. Sisi tunaogopa sana kuhalalisha cha haramu, na ni haki tuogope. Lakini aya imevitaja vyote viwili. Kuharamisha cha halali ni dhambi vilevile, na watu wetu wanalipa gharama yake kwa pesa zao na ngozi za watoto wao.

Mtu akikuletea jambo la kemia, la tiba au la benki, usione aibu kumwambia, "Mama, sijui, nipe wiki moja niulize." Mimi neno hilo lingeokoa chupa 40.

Nilirudi mimbarini, ndugu zangu. Nikasema mbele ya watu kwamba nilikosea, nikaeleza nilikosea wapi, nikawaomba radhi akina mama wale. Nikachangia kwenye kulipa mkopo wao, na waumini wakanisaidia, Allah awalipe. Wapo walionong'ona kwamba imamu amejishushia heshima. Ni sawa. Yule mama aliyekuja na mtoto mgongoni alinipa mkono akasema, "Ustadhi, sasa nitakuuliza tena." Hilo linanitosha.

Sasa hivi kikundi kinatengeneza mafuta ya alizeti na nta, na wawili kati yao wanajifunza losheni kwa mtaalamu. Kiunganishi wanachojifunzia ni cha mimea. Karatasi yake nimeiona, na safari hii sikuisoma peke yangu.

Ewe Mola wetu, turuzuku chumo la halali, tukinge na kusema tusiyoyajua, na utuponyee watoto wetu. Amin.

Mwenye swali aulize hapa chini. Nisilolijua nitasema silijui, na nitamtafuta anayelijua. Sambazeni kwa wengine, huenda mama mmoja akanusurika na hasara.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.